Leseni za Kuelea: Programu Moja, Afisi Nyingi

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuiona fasihi ikigawanywa katika tanzu zake: ushairi, riwaya, tamthilia, hadithi fupi na kadhalika. Ni wachache wanaofahamu kwamba kisheria programu ya tarakilishi nayo imetiwa katika kapu hilo hilo. Kifungu cha 10 cha mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 kinaagiza kwamba programu za tarakilishi zilindwe kama kazi za fasihi chini ya Mkataba wa Berne. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imefuata mkondo huo kwa kuzihesabu programu miongoni mwa kazi za fasihi. Kwa hivyo, machoni pa sheria, mhandisi aliyeandika programu ya kuchorea ramani za majengo ni mtunzi, sawa na mtunzi wa riwaya. Anayelipia programu hiyo hainunui kazi yenyewe. Anachopewa ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti, na ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Tofauti na riwaya inajitokeza katika matumizi. Kitabu kimoja hakiwezi kusomwa na watu wawili walio katika miji miwili kwa wakati mmoja; umbile lake lenyewe linazuia. Programu haina kizuizi hicho cha kimaumbile, hivyo kizuizi chake hakina budi kuundwa. Makala haya yanaeleza namna kizuizi hicho kinavyoundwa pale ambapo shirika moja lina afisi kadhaa zinazotumia fungu moja la leseni kupitia mtandao, na jinsi fungu hilo linavyoweza kusimamiwa bila kuvunja mkataba na bila kuwatia watumishi katika ugomvi wa kila asubuhi.

Leseni inayoelea

Kimsingi, leseni za programu ni za namna tatu. Ipo ile iliyofungwa kwenye tarakilishi moja. Ipo ile iliyofungwa kwa mtu mmoja, ambaye huingia kwa jina na neno lake la siri popote alipo. Na ipo ile isiyofungwa kwa mtu wala mashine, bali kwa idadi. Hii ya tatu ndiyo leseni inayoelea. Shirika likinunua leseni 20 za aina hii, laweza kuiweka programu katika tarakilishi 100 za afisi zake, ila wasiweze kuitumia zaidi ya watu 20 kwa wakati mmoja.

Anayehesabu ni seva ya leseni. Mtumiaji anapofungua programu, programu hiyo hutuma ombi kwa seva, nayo seva hutazama ni leseni ngapi zimekwisha kutolewa. Ikiwepo iliyobaki, humpa. Ikiwa zimeisha, humnyima, au humweka kwenye foleni iwapo programu inaruhusu. Mtumiaji akifunga programu, leseni hurudi katika fungu. Kwa hakika, seva hiyo ni mkutubi asiyetoka kwenye dawati lake.

Mfumo ulioenea zaidi wa kazi hii ulizuka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la FLEXlm, ukaingia mikononi mwa Macrovision mwaka 2000, na leo hujulikana kama FlexNet Publisher chini ya Flexera. Kampuni nyingi za programu za uhandisi na za ramani zimeutumia. Ndani yake kuna vitu vitatu ambavyo msimamizi hana budi kuvijua. Cha kwanza ni faili ya leseni: maandishi mafupi yanayotaja jina la seva, anwani ya kadi yake ya mtandao, programu zinazoruhusiwa, idadi ya leseni, tarehe ya mwisho, na sahihi ya kitarakimu inayoharibika pindi mtu akijaribu kubadilisha 20 kuwa 30. Cha pili ni meneja wa jumla anayepokea maombi yote. Cha tatu ni mtumishi wa kampuni husika, yaani programu ndogo inayotoa na kupokea leseni za kampuni hiyo pekee. Kwa kuwa faili imefungwa kwenye anwani ya kadi ya mtandao, seva ikifa, faili hufa nayo, mpaka kampuni itoe nyingine. Shirika lililoiweka seva yake katika tarakilishi kuukuu iliyosahaulika chini ya meza huugundua ukweli huu siku isiyofaa.

Kwa nini kuchanga

Yafaa kuuliza ni kwa nini afisi tatu zichange fungu moja badala ya kila afisi kuwa na lake. Jibu la haraka ni kwamba ni nafuu. Lakini unafuu huo hutoka wapi hasa? Jibu lilitolewa na mtu ambaye hakuwahi kuiona tarakilishi. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria idadi ya laini za simu zinazohitajika ili wapigaji wasinyimwe nafasi mara kwa mara. Leseni inayoelea ni laini ya simu kwa jina jingine: inashikwa, inatumiwa, inaachiliwa, na mwingine anaishika.

Chukua mfano wa kampuni ya kubuniwa ya wasanifu majengo yenye afisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila afisi, kwa wastani, ina watu wanne wanaotumia programu ya uchoraji katika dakika yoyote ya saa za kazi. Wakati mwingine huwa wawili, wakati mwingine wanane. Iwapo menejimenti inataka maombi yanayokataliwa yasifikie moja katika mia, kanuni ya Erlang inaonyesha kwamba kila afisi ikijitegemea itahitaji leseni 10; leseni 9 hazitoshi. Jumla ni 30. Afisi hizo zikichanga fungu moja, wastani wa watumiaji unakuwa 12, na leseni zinazohitajika kwa kiwango kile kile cha huduma ni 20. Leseni kumi zimeokolewa bila mtu yeyote kupunguziwa kazi. Sababu ni kwamba ni nadra afisi zote tatu kufurika kwa dakika moja. Kisumu ikizidiwa, huenda Mombasa imepoa.

Hata hivyo, kanuni hiyo imejengwa juu ya sharti ambalo afisi hulivunja kila siku. Inachukulia kwamba maombi huja kila moja kwa wakati wake, bila kutegemeana. Wapiga simu wa Copenhagen huenda walikaribia kuwa hivyo. Watumishi wa afisi siyo. Saa mbili asubuhi wote huketi, wote hufungua programu, na wengi huiacha wazi hata wanapokwenda kunywa chai, kwa kuwa anayefunga ana hofu ya kukosa nafasi akirudi. Hofu hiyo huzaa uhaba ambao hapo awali haukuwepo. Msimamizi mwenye busara huichukua namba 20 kama sakafu, huongeza chache, kisha hupima hali halisi kwa miezi kadhaa kabla ya kutoa uamuzi wa ununuzi.

Faida huwa kubwa zaidi iwapo afisi hazimo katika majira mamoja. Shirika lenye afisi Nairobi na London, katika miezi ya baridi ya Uingereza, hupishana kwa saa tatu. Mfanyakazi wa London anapoketi saa tatu asubuhi ya kwake, Nairobi ni saa sita mchana na baadhi ya watu wanakaribia kwenda kula. Asubuhi nzima ya Nairobi leseni zote ni zake. Jioni nzima ya London ni za London. Mgogoro umebaki katikati ya mchana tu. Lakini kabla ya kufurahia hesabu hii, mkataba lazima usomwe, maana ni hapa ambapo mashirika mengi hujikwaa. Baadhi ya mikataba huruhusu leseni kutumiwa katika nchi iliponunuliwa pekee. Mingine huruhusu mtandao wa jengo moja tu. Mingine hutoza zaidi kwa matumizi ya kuvuka mipaka. Seva haijui jiografia. Itampa leseni mtu wa London kwa ukarimu ule ule inaompa wa Nairobi, na ukaguzi ukija, ukarimu huo ndio utakaohesabiwa kama uvunjaji wa hakimiliki.

Umbali na kukatika

Kabla ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti baina ya Kenya na nchi za nje ilipitia setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe wa kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde hata kama njia ni nyeupe. Programu inayomwomba mkutubi wa mbali mara kumi wakati wa kufunguka ilimchosha mtumiaji kabla hajaanza kazi. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, tatizo la kasi lilipungua sana. Lililobaki ni la uthabiti.

Programu nyingi zinazotumia leseni za kuelea hazitoshelezwi na ombi la mwanzo tu. Huendelea kumpigia hodi mkutubi kila baada ya muda kuhakikisha kwamba yungali pale. Hodi isipoitikiwa, baadhi ya programu huonya, nyingine hukataa kuhifadhi kazi, na nyingine hujifunga. Basi waya ukikatwa na mchimba mtaro katika barabara ya Kisumu, wasanifu wa Kisumu hupoteza zana zao ingawa umeme upo na tarakilishi ni nzima.

Tiba mbili hupendekezwa. Ya kwanza ni kuweka seva tatu zinazosaidiana, ambapo huduma huendelea mradi mbili kati yake ziwe hai. Wengi huidhania kuwa dawa ya afisi tatu: seva moja kila mji. Hilo ni kosa. Seva hizo huhitaji kuwasiliana bila kukoma ili zikubaliane hesabu, na zikitawanywa katika miji mitatu, kukatika kwa waya kunaweza kuiangusha afisi iliyotengwa na nyingine mbili. Mpango huo umekusudiwa chumba kimoja, dhidi ya kufa kwa mashine, wala si dhidi ya kufa kwa mtandao. Tiba ya pili, inayofaa zaidi kwa miji mbalimbali, ni kuligawa fungu: leseni 12 kwenye seva ya Nairobi, 4 Mombasa, 4 Kisumu, na kila tarakilishi kupewa orodha ya seva ili ianze kuuliza ya karibu kisha iende ya mbali. Waya ukikatika, Kisumu hubaki na zake nne. Si nyingi, lakini kazi ya haraka haitasimama.

Liko tatizo jingine dogo ambalo limewakosesha mafundi wengi usingizi. Meneja wa jumla katika FlexNet kwa kawaida husikiliza katika mlango wenye namba baina ya 27000 na 27009, lakini yule mtumishi wa kampuni huchagua mlango wowote kila anapowashwa, isipokuwa ameandikiwa namba katika faili ya leseni. Ndani ya jengo moja hakuna anayegundua. Baina ya afisi, ambako programu za ulinzi huchuja mawasiliano mlango kwa mlango, matokeo ni kioja: seva iko hai, inaitika inapoitwa, lakini hakuna leseni inayotoka. Mara nyingi hali hujitokeza baada ya seva kuzimwa na kuwashwa, kwa kuwa namba imebadilika. Kuandika namba ya kudumu katika mstari mmoja wa faili humaliza ugonjwa wote.

Nani apewe kwanza

Ufundi ukishatengemaa, hubaki swali la haki. Afisi ya makao makuu, yenye watu wengi na mtandao wa kasi, hufika kisimani kwanza. Mtumishi wa tawi anayekaa saa nzima akijaribu kufungua programu huku zabuni ikifungwa saa sita haoni kwamba ana fungu la pamoja. Huona kwamba analipia karamu ya wengine. Malalamiko ya namna hii ndiyo huyavunja mafungu ya pamoja, hata pale ambapo hesabu za Erlang ziko sawa.

Mfumo humpa msimamizi nyenzo mbili ambazo hufanana kwa juu juu. Anaweza kutenga leseni: kuamuru kwamba leseni nne ni za kundi la Kisumu. Au anaweza kuweka kikomo: kuamuru kwamba kundi la Nairobi lisizidishe leseni 14. Viongozi wa matawi hupenda kutengewa, kwa sababu kutengewa kunaonekana kama kumiliki. Lakini leseni iliyotengwa hailiwi na mwingine hata ikiwa Kisumu wote wako likizoni. Hulala usingizi huku Mombasa wakinyimwa. Kila leseni inayotengwa ni hatua ya kurudi kwenye ile hesabu ya 30. Kikomo kina adabu zaidi. Humzuia mlafi bila kumzawadia asiyetumia. Ushauri unaoweza kutetewa ni kuweka kikomo kwa afisi kubwa, na kutenga moja au mbili tu kwa tawi ambalo kazi yake haiwezi kungoja.

Iko pia njia ya kumpokonya mtu aliyeacha programu wazi bila kuigusa. Msimamizi hutaja muda, na mtumiaji asipofanya lolote kwa muda huo, leseni yake hurudi katika fungu. Kampuni nyingi haziruhusu muda huo uwe chini ya dakika 15. Nyenzo hii haifanyi kazi katika programu ambayo haikuandikwa kuikubali, jambo ambalo lafaa kujaribiwa kabla ya kutangazwa. Tena watumishi waarifiwe mapema, kwani mtu aliyerudi kutoka mkutanoni akakuta nafasi yake imechukuliwa hatasoma waraka wa maelezo, atapiga simu.

Kukopa na kuazima

Wapimaji ardhi wanaokwenda Turkana au Garissa kwa juma zima hawana mtandao wa kumfikia mkutubi. Kwa ajili yao, leseni yaweza kutolewa katika fungu na kufungwa kwenye kipakatalishi hadi tarehe maalumu. Waingereza wana neno moja la kitendo hiki, na baadhi ya wafasiri wamelitafsiri kwa “kukopa”. Hapa Kiswahili kina uzuri wake. Anayekopa huchukua fedha au unga, akazitumia, na kurudisha thamani yake; si noti ile ile wala unga ule ule. Anayeazima huchukua jembe na kurudisha jembe lile lile. Leseni ya safari huazimwa, haikopwi. Idadi katika fungu hupungua kwa moja mpaka leseni yenyewe irudi, na hakuna mbadala unaokubaliwa.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu pekee. Kipakatalishi kikiibwa njiani, seva itaendelea kuihesabu leseni kuwa iko nje hadi tarehe iliyotajwa ipite. Aliyeazima kwa siku 90 ilhali safari ni ya siku 7 amelinyima shirika leseni moja kwa karibu miezi mitatu. Kwa hivyo muda mrefu kabisa wa kuazima uwekwe na msimamizi, mfupi kadiri safari zinavyoruhusu, na idadi ya leseni zinazoweza kuwa nje kwa pamoja iwe na mpaka.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Seva huandika kila leseni iliyotoka, iliyorudi na iliyonyimwa, pamoja na jina la mtumiaji, tarakilishi na saa. Rekodi za kunyimwa ndizo za thamani kubwa zaidi na ndizo husomwa kwa nadra. Zikionyesha kwamba watu hunyimwa siku mbili tu kila mwisho wa mwezi, dawa ni kupanga zamu, wala si kununua. Zikionyesha kwamba kilele cha matumizi hakijavuka 13 kwa mwaka mzima ilhali leseni ni 20, kuna fedha inayovuja. Vyuo vikuu vyenye kampasi nyingi vingefaidika na usomaji huu, hasa kwa programu za takwimu kama SPSS, ambazo hugombewa wakati wa kukamilisha tasnifu na kulala miezi mingine.

Mbali na rekodi za seva, shirika lahitaji kumbukumbu ya mikataba yenyewe: kilichonunuliwa, lini, kwa masharti gani, na mwisho wake. Viwango vya kimataifa vya kazi hii, ISO/IEC 19770, vilianza kutolewa mwaka 2006. Nchini Kenya pana jambo la ziada. Kwa kuwa rekodi za seva hutaja watu kwa majina na saa zao za kazi, zimo ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kuzitumia kupangia leseni ni jambo moja. Kuzitumia kumchunguza mtumishi anayedaiwa kuwa mvivu ni jingine, na halipasi kufanywa kimyamyama.

Baada ya 2020

Wauzaji hawajaridhika na mpango huu wa zamu. Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, kisha kuanzia tarehe 7 Agosti 2020 wakaanza kuwahamisha wateja kutoka leseni za mtandao hadi leseni za mtu mmoja mmoja, kwa kubadilishana moja kwa mbili. Ubadilishaji huo uliwafaa baadhi na kuwaumiza wengine. Kampuni yenye leseni 20 na wachoraji 40 wanaofanya kazi siku nzima haikupoteza. Kampuni yenye leseni 20 zilizozungushwa kwa zamu miongoni mwa wahandisi 60, kila mmoja akizihitaji saa mbili kwa siku, ilipata 40 na kubaki na watu 20 mikono mitupu. Wingi wa watu wanaotumia kidogo kidogo, ambao ndio uliokuwa nguvu ya fungu la pamoja, umegeuka kuwa mzigo.

Kwa afisi zilizo katika hali hiyo, hatua ya kwanza ni kutenganisha wachoraji na watazamaji. Rekodi za seva ya zamani huonyesha nani aliyechora kwa saa nyingi na nani aliyefungua faili ili atazame tu. Huyu wa pili aghalabu hutoshelezwa na programu ya kutazamia isiyolipiwa. Kazi za ramani zaweza kuhamia QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya leseni huria isiyohesabu watumiaji, kama ambavyo wanafonetiki wamekuwa wakiitumia Praat ya Chuo Kikuu cha Amsterdam bila kumwomba mkutubi yeyote. Kuhama huku kuna gharama yake ya mafunzo na ya faili za zamani zisizofunguka sawasawa. Rekodi hizo basi zinakiliwe mahali salama kabla ya seva ya zamani kuzimwa, kwa kuwa kampuni inayouza leseni mpya haitakuwa na sababu ya kuzitunza.